Yai Lisilo la Mnana

Mimi na minana hatukupatana kamwe. Mtu ukikaa juu ya kichanja tangu alfajiri, kombeo mkononi, koo limekauka kwa kupiga kelele, halafu ukageuka ukakuta upande wa pili mashuke ya uwele yamebaki mabua matupu, huwezi kuwaita hao viumbe wazuri wa Mungu. Mimi niliwaita wezi. Mwisho wa shamba letu kuna mgunga ulioinamia lambo, na viota vyao vilining'inia humo hadi matawi yakalemewa. Kila mwaka nilimwambia mume wangu aukate, na kila mwaka alisema kesho.

Kwa hiyo alipokuja binti mmoja wa chuo, na barua ya mtendaji wa kijiji, akasema anasoma habari za minana na anaomba akae kwetu miezi miwili, nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, ukimaliza kuwasoma wachukue wote uende nao." Akacheka naye. Alikuwa na adabu, anatoa shikamoo hata kwa watu aliowazidi elimu mara mia. Alitaka mtu wa kumshikia ngazi na kuandika anayomsomea kutoka juu. Darasa la saba nililimaliza, na mwandiko wangu si wa kuaibisha, basi nikawa mimi.

Mwaka huo nilikuwa na jambo jingine kichwani. Binti yangu alikuwa amepata mchumba, kijana anayefanya kazi reli kule Itigi, na likizo yake iliangukia mwezi wa tatu. Kwa hiyo posa haikungoja mavuno kama ilivyo kawaida. Ninaposema binti yangu nieleweke: sikumzaa. Nilimnyonyesha. Kwangu mimi hakukuwa na tofauti, na ningemtukana mtu yeyote aliyeiona. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani kuniita mama, na nilitaka aondoke pale kama anavyoondoka mtoto mwenye mama.

Alivyofika ni hivi. Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kujifungulia kwa mama yangu, kijiji cha Mungaa, kama desturi inavyotaka. Nikazaa mtoto wa kiume, nikakaa huko miezi mitatu. Mume wangu katika muda huo alikwenda Rungwa kumsaidia kaka yake kurina asali. Nikarudi, tukaishi. Baadaye kaka yake akaugua huko huko Rungwa akafariki, na maneno yakaja kwamba palikuwa na mwanamke. Mwanangu alipofika miezi kumi, mchana mmoja mume wangu akaingia na mama yake, na mama mkwe amebeba kitoto kwenye kanga, kitoto cha wiki mbili, chekundu, kinalia kwa sauti ndogo.

Mume wangu akasema, "Huyu ni mtoto wetu. Mama yake amefariki."

Mama mkwe akasema, "Ni damu ya nyumba hii."

Mimi nikasema, "Jamani, marehemu ametuachia." Na nikalia, kwa sababu shemeji yangu nilimpenda, alikuwa mtu wa utani. Wote wawili wakatazama chini. Mama mkwe akasema Mungu ni mwema.

Nikakitia kitoto ziwani palepale. Maziwa hayakutosha wawili. Mama mkwe akaniambia, "Huyu wako mkubwa sasa, anakunywa uji. Mwachishe." Nikamwachisha. Alilia siku tano nje ya mlango, anakwaruza mbao kwa kucha. Akakonda, miguu ikavimba, nikalala naye hospitali wiki mbili huku kile kitoto kingine kiko mgongoni kinanenepa. Hakufa, namshukuru Mungu. Leo ni fundi bomba Dodoma, mrefu kuliko baba yake. Lakini ule mkwaruzo wa kucha mimi ninao.

Sasa turudi kwenye minana. Yule binti wa chuo alinifundisha jambo ambalo miaka yote ya kuamia ndege sikulijua. Kila mama mnana ana mayai ya rangi yake, na rangi hiyo hiyo atataga mpaka afe. Mmoja anataga ya samawati matupu, jirani yake meupe, wa tawi la juu anataga ya kijani yenye madoadoa ya kahawia. Nikamuuliza kwa nini wajisumbue hivyo. Akanionyesha ndege mwingine, mdogo, mgongo wa kijani unaometa, kifua cheupe, jicho jekundu. Kwa mlio nilimjua tangu utoto, analia mvua zikishachanganya, anapandisha sauti kama anayelalamikia kitu. Sura yake sikuwahi kuijali. Akasema kitabuni anaitwa kekeo.

Kekeo hajengi. Dume linakuja kupiga kelele, minana wanalikimbiza, na hapo jike linaingia kiotani, linachukua yai moja la mwenye kiota, linaacha la kwake, linaondoka. Shughuli yote inaisha hujamaliza hata kufunga kilemba. Kitoto cha kekeo kinawahi kuanguliwa, na kabla hakijafumbua macho kinayasukuma mayai mengine kwa mgongo mpaka yadondoke. Mama mnana anabaki kukilisha hicho.

"Loo!" nikasema. "Na yeye hajui?"

"Ndiyo nilichokuja kutafuta, mama."

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha. Tunatoa yai kwenye kiota hiki tunaliweka kile, halafu tunakaa chini ya kivuli na darubini yake, tunangoja mwenye nyumba arudi. Mara ya kwanza tuliweka yai la samawati kwenye kiota cha meupe. Mama akarudi, akaingia. Kimya. Mimi hata kupumua sikupumua. Akatokeza kichwa mlangoni, na yai la samawati limetobolewa mdomoni mwake, akaliachia. Likaanguka kwenye maji, chubwi. Nikapiga makofi, nikashangilia kama niko mpirani.

"Mwanamke wa maana huyo!" nikasema. "Anajua cha kwake!"

Si wote waliokuwa hodari. Tulipoweka yai linalofanana na la mwenyewe, alilikalia, akalipa joto, basi. Mwingine alikihama kiota kizima, na mayai yake mazuri ndani, hakurudi. Siku mbili baadaye dume lake likakibomoa kiota, jani moja moja, likaanza kusuka kingine palepale na kuita majike wengine, utafikiri hakuna kilichotokea. Hapo nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Na mmoja, maskini, alichanganyikiwa. Kati ya mayai matatu akachagua la kwake mwenyewe akalitupa, la kigeni akaliacha. Binti wa chuo alikuwa juu ya ngazi anakagua, akayahesabu tena. Kisha akasema, "Andika, mama. Ametupa la kwake." Nikaandika.

Kila jioni wakati wa kula niliwasimulia. Tulikuwa wanne kwenye mkeka na binti wa chuo wa tano: mume wangu, mama mkwe, binti yangu, na mimi. Nilikuwa na maneno! Niliigiza mnana anavyotoa kichwa, nikachukua tonge la ugali nikalidondosha kwenye bakuli la mlenda. Nikasema kuku ndiye mjinga wa ndege wote. Unamwekea mayai ya kanga, ya bata, anakalia tu. Ndiyo maana sisi wanawake tunatia yai alama ya mkaa, maana yeye hawezi kujua lipi ni lake. "Lakini mnana? Thubutu! Mnana hafugi yai la mwenzie!"

Mume wangu alikuwa akikohoa. Nikampa maji. Mama mkwe alikuwa akisema chakula kinapoa. Binti yangu alikuwa akikusanya vyombo mapema kuliko kawaida, na mimi nikadhani ni mawazo ya uchumba.

Wiki tano nilifanya mchezo huo. Wiki tano, mbele ya watu watatu wanaojua.

Siku ya posa ikafika, Jumamosi, saa nne asubuhi. Kwetu baba mzazi hapangi mahari ya mwanawe. Anakaa kando, kimya, macho chini, na wanaosema ni ndugu zake. Kwa hiyo mimi nilikuwa na hakika msemaji wetu ni mume wangu, kwa sababu yeye kwa binti huyu ni baba mdogo, na baba mwenyewe ni marehemu. Nilimpigia pasi shati na kumwambia asiseme haraka haraka kama kawaida yake. Akaitikia. Alikuwa na nafasi ya kuniambia hapo, shati liko mikononi mwangu, la moto bado. Akaitikia tu.

Kutoka Kilimatinde alikuja baba mkubwa wa mume wangu, mzee wa ukoo, masikio yamekuwa mazito na hivyo anaongea kwa nguvu. Wageni wakakaa. Nikaingia na birika na beseni kuwanawisha. Nilikuwa nimeinama mbele ya msemaji wa wageni, namwagia maji, mume wangu akajikohoza aanze kukaribisha. Mzee akamgeukia.

"Wewe kaa kimya!" akasema, na uani walisikia. "Tangu lini baba mzazi akapanga mahari ya mwanawe? Nitasema mimi."

Hakuwa na nia mbaya. Alidhani najua. Mtoto amekaa kwangu miaka kumi na tisa, mtu mzima yeyote angedhani najua. Mimi niliendelea kumwaga maji. Yule mgeni akasema, "Asante, mama, inatosha," nikaendelea, mpaka beseni likafurika kwenye viatu vyake. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kama anavyokaa baba mzazi: kando, kimya, macho chini.

Nikaomba radhi kwa viatu vya watu. Nikapakua, nikagawa, nikacheka palipochekwa. Sitaki mtu aseme nilimharibia binti posa. Wageni walipoondoka saa nane nikamwita mume wangu nyuma ya jiko.

"Ni wako?"

Akaanza kuzipanga kuni upya.

"Nimekuuliza, ni wako?"

Akasema, na kinywa chake hiki hiki anachokulia chakula changu, "Mimi nilikwambia mtoto ni wetu. Nilisema uongo wapi?"

Mh! Nilikaa chini kwenye kuni. Kwa sababu ni kweli, hakusema uongo. Mama yake naye alisema damu ya nyumba hii, na ni damu ya nyumba hii. Aliyesema marehemu ametuachia ni mimi. Niliwapa uongo wenyewe, umekwisha kupikwa, wao wakakaa wakaula miaka kumi na tisa. Mtoto akimwita baba hakuna wa kushtuka, maana kwetu ndugu wa baba ni baba vilevile. Hata hesabu nilikuwa nayo, miezi yote iko vidoleni: nilipokuwa Mungaa kitandani, damu ya uzazi haijakatika, yeye Rungwa anarina asali. Asali gani! Na marehemu wa watu, mtu wa utani, wakamvika aibu isiyo yake. Maiti haijibu.

Mama mkwe akaja na kigoda chake. Akasema, "Mwanangu, usikuze jambo. Kitanda hakizai haramu."

"Kitanda kipi, mama?" nikamuuliza. "Changu? Changu kilizaa mmoja, na wewe ukaniambia nimwachishe."

Sijawahi kumjibu mkwe wangu hivyo, kabla wala baada. Aliondoka akasahau kigoda. Kisha ikanijia ile ya wazee, kikulacho ki nguoni mwako, nikaiona ni ya kipuuzi, maana aliyeisema alikuwa na nguo. Mimi nilijiona uchi. Kijiji kizima kilijua. Kila mwanamke aliyewahi kuniambia "mtoto huyu amefanana na mumeo, damu ya kaka na mdogo haipotei" alikuwa akinitazama usoni aone kama nimeshtuka.

Kesho yake asubuhi nilifunga nguo zangu nikaenda Mungaa kwa mama. Binti wa chuo alinisindikiza mpaka barabarani bila kuuliza, mikono mfukoni. Binti yangu alikuwa kisimani. Sikumngoja. Nasema ukweli: sikutaka kumwona. Njia nzima nilimwona anavyotembea, anavyotupa mguu wa kushoto nje kidogo kama mume wangu, jambo nililolipenda tangu alipoanza kusimama.

Wiki mbili nikakaa huko, napalilia shamba la mama yangu kwa hasira hata nikakata mche mzima wa alizeti. Mama yangu hakuniuliza kitu. Ujumbe ukaja, mara ya kwanza na ya pili: wageni wanarudi Jumamosi kumalizia, na kuna blanketi la mama. Blanketi hilo anapewa mwenye uchungu, aliyebeba na kuzaa na kulea. Bila mtu wa kulipokea mambo hayaendi, na ukoo wa mume unaona haya. Nikasema waone haya. Wampe mwenye kitanda kisichozaa haramu.

Alhamisi binti yangu akaja mwenyewe. Alishuka kwenye bodaboda pale kwenye mchongoma, akaja uani, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa napepeta uwele. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Sikuitika.

Anayelijua eneo letu anajua nilichofanya. Mtoto hawezi kuinuka, hawezi kuongea, hawezi kuingia ndani mpaka mkubwa aitikie. Hata adui unamwitikia. Mimi niliendelea kupepeta. Pumba zinamwangukia kichwani, yuko pale pale, goti moja kwenye changarawe. Nilipepeta ungo wa kwanza ukaisha, nikajaza wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Ulijua?" nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Darasa la saba. Bibi aliniambia. Akasema nikikwambia utanitupa."

"Nawe ukaamini? Mimi, niliyekunyonyesha?"

Akasema, polepole, "Sikuamini, mama. Mpaka walipoanza wale ndege."

Ungo ukanikaa mikononi. Niliwaza kila jioni ya wiki tano zile: tonge langu, kelele zangu, makofi. Mtoto wa watu amekaa mbele yangu, anakula, anasikia mama yake akishangilia. Hakuwahi kulia. Alikusanya vyombo akaenda kuviosha. Waliniibia miaka kumi na tisa, nakubali, na sitawasamehe kwa kuambiwa nisamehe. Lakini jambo hili nilimfanyia mimi, kwa kinywa changu, na nililifanya nikicheka.

Nilitaka kumkasirikia pia. Alinijua mjinga miaka sita akaniacha niwe mjinga. Hasira ilikuwepo, na mpaka leo ipo kidogo, siifichi. Lakini nilitazama lile goti kwenye changarawe na nikajua kwamba nikiondoka pale bila kuitika, hakuna siku nyingine itakayokuja. Ataolewa, atakwenda Itigi, atazaa, na wanawe watamwita mtu mwingine bibi.

"Marahaba," nikasema. "Inuka. Utajichubua."

Akainuka, goti limekwisha kuchubuka. Nikamwosha. Tulizungumza hadi jua likapinda. Nikamuuliza jambo moja tu la maana: Jumamosi wakiuliza aliyekuzaa, niseme nini? Akasema, "Sema lililo kweli, mama. Mimi nimechoka."

Jumamosi nilikwenda. Sikupita chumbani kwangu wala kula chochote. Nilikaa na wanawake, nyuma, karibu na mlango. Mzee wa Kilimatinde, ambaye safari hii alikuwa ameambiwa kwamba sikujua, aliongea kwa sauti ndogo hata wageni wakalalamika hawasikii. Mwisho msemaji wao akasimama na blanketi, la kijivu, lenye maua mekundu, bado limo kwenye nailoni yake.

"Tunamwomba aliyemzaa binti huyu," akasema, "apokee shukrani zetu."

Mama mkwe akaanza kutafuta kitu kwenye fundo la kanga yake, kitu kisichokuwepo. Nikasimama.

"Aliyemzaa yuko kaburini, Rungwa," nikasema. "Jina lake sijaambiwa bado, leo nitaambiwa. Baba yake ndiye yule mnayemwona pale kando. Mimi ndiye mama yake."

Wageni wakatazamana. Kisha msemaji, yule niliyemlowesha viatu, akatoka aliposimama, akaja, akanifunika blanketi mabegani kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa kuchelewa, lakini wakapiga. Binti yangu alikuwa amejificha uso kwenye bega la mwenzie.

Blanketi liliteleza upande mmoja. Mume wangu akainuka upesi, akanyoosha mkono aliweke sawa. Nikamwambia, mbele yao wote, arudi akakae.